Kebo mbili kati ya swichi hazileti kasi maradufu

Imani hii imekaa miaka mingi miongoni mwa mafundi wa mtandao: unganisha swichi mbili (vifaa vinavyounganisha kompyuta za mtandao mmoja) kwa kebo mbili, utapata kasi mara mbili, na moja ikikatika hakuna atakayeshtuka. Sivyo.

Fremu ya Etheneti, yaani kifurushi cha data kinachopita kati ya swichi, tofauti na pakiti ya IP, haina kihesabu cha kuiua inapozunguka. Ikipata duara, kama lile la kebo mbili, haikomi. Ombi moja tu la ARP (kompyuta ikiuliza mtandao mzima anwani ya nyingine) hunakiliwa kila poti hadi mtandao mzima unasimama. Ndiyo maana Radia Perlman alibuni STP (Spanning Tree Protocol) mwaka 1985 akiwa kampuni ya DEC: itifaki hiyo huifunga njia ya ziada ikasubiri. Basi kebo yako ya pili ipo, taa inawaka, ila haipitishi data za watumiaji.

Na njia kuu ikikatika, STP ya zamani huchukua sekunde 30 hadi 50 kufungua ile ya akiba. Simu za ofisini zitakuwa zimeshakatika. RSTP, toleo jipya la STP lililotoka 2001, ina kasi zaidi kwa mbali, washa hiyo.

Ukitaka kebo zote zifanye kazi, ziunganishe ziwe kama njia moja kwa LACP, itifaki ya kazi hiyo, pande zote mbili. Hata hapo mawasiliano ya kompyuta mbili kwa kawaida hupita kebo moja. Kinachoongezeka ni nafasi ya wengi.

Wengi pia husahau kuteua swichi kuu, ile ambayo STP huifanya kitovu cha njia zote; mwenye namba ndogo ya kipaumbele ndiye hushinda. Kipaumbele cha kawaida ni 32768 kwa zote, hivyo yenye anwani ndogo ya MAC (namba ya kifaa itokayo kiwandani) hushinda, na mara nyingi ndiyo kuukuu kuliko zote. Ipe swichi ya kati 4096.