Soriasisi: chakula, jua na dodoki. Maswali na majibu kwa wakazi wa Tanga

Mtu akitokwa na mabaka yenye magamba meupe kwenye viwiko, magotini na kichwani, ushauri wa kwanza anaopewa Tanga hutoka jikoni: acha pweza, acha dagaa, acha mayai, acha nyama ya mbuzi. Miezi sita baadaye amedhoofu kwa miko, na mabaka yako palepale. Majibu haya ni kwa mgonjwa, na pia kwa yule anayempikia.

Soriasisi ni ugonjwa gani? Unaambukiza?

Hauambukizi. Mnaweza kula sinia moja, kulala kitanda kimoja na kuazimana khanga. Si ukoma, si fangasi, wala si uchafu.

Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huichokoza ngozi ikajitengeneza kwa kasi isiyo ya kawaida. Chembe ya ngozi yenye afya huchukua karibu mwezi mzima tangu inapozaliwa chini hadi kubanduka juu. Kwenye baka la soriasisi safari hiyo huisha kwa siku 3 hadi 7. Chembe zinarundikana kabla hazijakomaa, na hayo ndiyo magamba unayoyakung'uta shukani asubuhi. Mtu huzaliwa na mwelekeo wa kuupata, kisha kitu fulani kinauamsha: ugonjwa wa koo, mchubuko, dawa, msongo wa mawazo.

Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linaloutambua kuwa ugonjwa sugu usioambukiza, wenye maumivu, na usio na tiba ya kuumaliza. Unatulizwa, wakati mwingine kwa miaka. Anayekuuzia chupa ya kuumaliza kabisa anakudanganya.

Picha nyingi zinaonyesha mabaka mekundu. Yangu ni meusi. Ni soriasisi kweli?

Inawezekana kabisa. Kwenye ngozi nyeusi uwekundu haujitokezi. Baka huwa la zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea. Ndiyo maana wengi hupewa dawa za choa na mapunye kwa miezi mingi bila nafuu. Angalia haya: ukingo wa baka unaonekana wazi, magamba ni makavu yenye rangi ya fedha, na mabaka yako pande zote mbili za mwili. Angalia na kucha. Zikiwa na vishimo vidogo kama zimechomwachomwa kwa ncha ya sindano, au zinaachana na nyama, hiyo ni dalili nzuri ya kumwonyesha daktari.

Anayeogopa ukoma ajue hili: baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia, ukiligusa kwa pamba mtu hasikii. Baka la soriasisi linasikia, na linawasha.

Anzia kituo cha afya, uombe rufaa ya kwenda Hospitali ya Bombo. Kesi ngumu huenda hospitali ya KCMC, Moshi, ambako kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kipo tangu 1992.

Niache chakula gani?

Hakuna hata kimoja ambacho kila mgonjwa anapaswa kukiacha. Pweza, kamba, dagaa na mayai vinaweza kumletea mtu aleji, lakini aleji ni jambo lingine: huja ndani ya dakika au saa chache, kwa vipele vinavyovimba na kuhama, mdomo kufura au kifua kubana. Soriasisi haiendi hivyo.

Kama una shaka na chakula fulani, kipime kwa utaratibu. Chukua daftari. Wiki mbili za kwanza kula kama kawaida, ukiandika ulichokula na hali ya baka moja ulilolichagua, kwa mfano la kiwiko cha kulia: upana wake kwa rula, na mwasho kwa alama 0 hadi 10. Kisha acha chakula kimoja tu kwa wiki 6. Kirudishe, usubiri wiki 3. Baka likipungua ulipoacha na kukua uliporudisha, umepata jibu lako. Kosa linalovuruga kila kitu ni kuacha vyakula vitano siku moja, huku umeanza na krimu mpya. Hutajua kipi kilisaidia.

Mtoto, mjamzito na anayenyonyesha wasiondolewe samaki, mayai na nyama kwa sababu ya soriasisi. Watapungukiwa damu na protini bure.

Basi chakula hakina kazi?

Kina kazi kubwa, ila kupitia uzito. Mafuta yaliyojaa tumboni hutoa kemikali zinazoichokoza ileile kinga iliyokwisha kuchafuka. Mtu mnene anapopunguza walau asilimia 5 ya uzito wake, mabaka mara nyingi hupungua na dawa hufanya kazi vizuri zaidi.

Piga hesabu yako. Mama mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.62: zidisha 1.62 kwa 1.62, kisha gawanya 82 kwa jibu hilo. Unapata 31. Kuanzia 25 uzito umezidi, kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Asilimia 5 ya kilo 82 ni kilo 4, na kwa kupunguza nusu kilo kwa wiki ni kazi ya miezi miwili. Aliye chini ya 25 hana haja ya kujikondesha.

Sasa, unene wa pwani unaingilia wapi? Kwanza kikombeni. Vijiko 3 vya sukari katika vikombe 4 vya chai ni vijiko 12, karibu gramu 50 kwa siku, na hapo hujanywa soda, ambayo chupa ya mililita 350 ina vijiko kama 9. Shuka hadi kijiko 1 kwa kikombe, polepole, nusu kijiko kila wiki. Tangawizi na iliki husaidia ulimi kuzoea. Pili, mafuta ya kumiminwa kwa macho. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi. Pima vijiko viwili kwa kila mlaji kwa siku, vikiisha vimeisha. Tatu, kasimile. Hatusemi uache nazi, hilo halitekelezeki Tanga. Pika kwa tui la pili siku za kawaida, kasimile iwe ya Ijumaa. Maandazi na chapati za kila asubuhi ziachie nafasi muhogo wa kuchemsha au viazi vitamu, siku nne kwa wiki.

Sahani ya mchana igawe hivi: nusu mboga za majani, bamia au kachumbari, robo wali au ugali, kiasi cha ngumi yako, robo samaki au maharage. Vibua ni samaki wazuri sana kwa hili, wana mafuta yenye faida na bei yake inabebeka. Wachome, au wapike mchuzi wa nyanya na ukwaju. Wakizamishwa kwenye karai la mafuta, unarudi kulekule ulikotoka. Tunda lililo kwenye msimu linatosha, chungwa la Muheza likiwa zima, si glasi ya juisi iliyoongezwa sukari.

Ngano je?

Kuacha ngano kunamsaidia aliye pia na ugonjwa wa utumbo usiovumilia gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, unaochunguzwa kwanza kwa kipimo cha damu. Asiye nao hana sababu ya kununua unga wa bei ghali.

Naweza kufunga Ramadhani?

Kufunga kwenyewe hakuidhuru soriasisi. Futari ndiyo yenye hatari: kaimati, sambusa na tambi za sukari kwa mwezi mzima zinaongeza uzito. Aliye kwenye vidonge amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Hasa methotreksati: hunywewa mara moja kwa WIKI, siku ileile. Mtu akiinywa kila siku kwa kuchanganyikiwa, inaweza kumuua.

Bia, mnazi, sigara?

Pombe huongeza makali ya ugonjwa, na ukiichanganya na methotreksati unaliumiza ini. Sigara, na shisha pia, inahusiana kwa karibu na aina ya soriasisi inayotoa vijipu vya usaha viganjani na nyayoni. Katika yote yaliyoandikwa hapa, kuacha tumbaku ndiko tungekuomba ukutangulize, hata kabla ya kugusa sahani yako.

Jua na maji ya bahari vinasaidia?

Kwa wengi, ndiyo. Mionzi ya jua hupunguza kasi ya ngozi kujitengeneza. Jua la Tanga ni kali, kwa hiyo anza na dakika 10, mara 3 kwa wiki, kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, mabaka yakiwa wazi. Ongeza dakika 2 au 3 kila wiki, usizidi 20 hadi 30. Mwanamke anayejisitiri anaweza kukaa uani kwake. Ngozi ikiungua imejeruhiwa, na jeraha huzaa baka jipya. Mwenye ualbino asijaribu hili, wala anayetumia antibiotiki ya doksisiklini, wala yule ambaye jua humzidishia mabaka. Wapo wachache wa aina hiyo.

Kuogelea Raskazone hakuna ubaya. Jisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi ukitoka, kisha jipake mafuta papo hapo. Chumvi ikikaukia mwilini inapasua ngozi.

Nioge na kujipaka vipi?

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mgonjwa anaona magamba, anashika dodoki au jiwe la kusugulia miguu, anasugua mpaka ngozi inang'aa na kutoa matone ya damu. Raha ya saa moja. Soriasisi hufuata jeraha: penye mkwaruzo, chale, kovu la kuungua au nywele zilizosukwa kwa kukazwa sana, baka linaweza kutokea hapohapo. Kila ukisugua unaipa ngozi amri ya kuota upya.

Oga kwa maji ya kawaida au vuguvugu, dakika 10 zinatosha. Tumia sabuni laini isiyo na manukato makali, na usitumie sabuni za dawa za kuua vijidudu kila siku. Jifute kwa kugandamiza taulo. Ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta ya mgando au ya nazi, kwa kushuka kufuata malaika, yaani vinyweleo. Kopo la gramu 250 likiisha kwa wiki moja au mbili hujafuja. Joto la Tanga halipendi mafuta mazito mchana. Paka losheni nyepesi asubuhi na mafuta ya mgando usiku. Makwapani na kwenye mapaja paka kidogo sana.

Magamba ya kichwani: paka mafuta ya nazi usiku, funga kitambaa, asubuhi osha na uyachane taratibu kwa kitana chenye meno mapana. Usiyabandue kwa kucha.

Tahadhari moja isiyosemwa vya kutosha: khanga iliyolowa mafuta ya mgando hushika moto haraka. Badilisha nguo kabla ya kukaa karibu na jiko.

Krimu ya duka la dawa ilinisafisha kwa wiki moja, nilipoacha yakarudi mabaya zaidi. Kwa nini?

Huenda ilikuwa na steroidi kali (dawa inayotuliza uvimbe wa ngozi), kama klobetasoli, ambayo huwekwa pia kwenye mikorogo ya kujichubua. Ni dawa halali ya soriasisi, ila ina masharti. Kipimo chake: mstari wa krimu wenye urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada unatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Kwa kawaida hupakwa wiki 2 hadi 4, kisha siku zinapunguzwa kidogo kidogo. Steroidi kali haipakwi usoni, makwapani wala sehemu za siri bila daktari, kwani ngozi hukonda na kuchanika. Ukiikata ghafla baada ya miezi, ugonjwa hurudi kwa kishindo. Hatari kubwa zaidi ni vidonge au sindano za steroidi.

Dawa nyingine zinaweza kuichochea?

Ndiyo: klorokwini, litiamu, na baadhi ya dawa za presha kama propranololi. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari aliyekuandikia. Soriasisi ikizuka ghafla na kuenea mwili mzima, pima VVU. Wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza.

Viungo vinauma asubuhi. Vinahusiana?

Vinaweza kuhusiana. Viungo kukakamaa kwa zaidi ya nusu saa baada ya kuamka, kidole kizima kuvimba kama soseji, au maumivu ya kisigino, ni sababu ya kumwona daktari wiki hii. Viungo vikishaharibika havirudi.

Lini niende hospitali bila kungoja?

Ngozi ya karibu mwili wote ikiwaka na kubanduka, ukitetemeka kwa baridi au ukiwa na homa. Au vijipu vya usaha vikitokea kwa wingi ghafla. Nenda Bombo siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Binti ana soriasisi na anaolewa. Afanyiwe singo, ile ya kusuguliwa mwili kabla ya harusi?

Baka linalofuata jeraha huchukua siku 10 hadi 20 kujitokeza. Singo ya kusugua ikifanywa wiki mbili kabla, mabaka mapya yanaweza kumtoka siku ya harusi. Somo wake aambiwe mapema, faraghani, ili binti asiaibishwe mbele ya watu. Liwa ilainishwe kwa maji ya waridi, ipakwe kwa kiganja bila kusugua, iruke mabaka na mipasuko, ikae dakika 10, kisha ioshwe kwa maji tu na kufuatiwa na mafuta. Wasitumie maganda ya machungwa yaliyosagwa, yanakwaruza. Hina ya majani ijaribiwe kwanza sehemu ndogo ya mkono siku mbili kabla. Piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua, isimguse kabisa: kemikali yake inaweza kuunguza ngozi, na maua yale yale yakageuka mabaka.