Je, wajua ni nani hunyoa kona za punje ya mchanga?

Kwa miaka mingi niliamini, na niliwahi kumweleza mtu bila hata kusita, kwamba punje ya mchanga iliyoviringika imesafiri mbali mtoni. Ushahidi wangu ulikuwa jiwe la mtoni: si limelainika kama yai? Basi na mchanga vivyo hivyo.

Kumbe jiwe ni jiwe na mchanga ni mchanga. Kokoto ya sentimita 2 imeizidi punje ya milimita 0.2 mara 100 kwa upana, lakini kwa uzito ni mara 1,000,000. Kokoto ikimgonga mwenzake chini ya maji, inagonga kweli. Punje haina ubavu huo; kabla haijagusa nyingine, maji yaliyobanwa katikati yameshaipunguza kasi. Zamisha mikono kwenye ndoo upige makofi: viganja vinakutana, kishindo hakuna. Itoe nje upige tena. Jangwani ndivyo ilivyo. Punje hurushwa na upepo, ikaangukia wenzake kwa nguvu, nao wakaruka, na kila pigo humega kona kidogo.

Mwaka 1960 mwanajiolojia Mholanzi Philip Kuenen alichapisha majaribio yake: kwa umbali uleule, upepo husaga punje za kwatsi, yale madini magumu ya mchanga wa kawaida, mara 100 hadi 1,000 zaidi kuliko maji. Kusini mwa Afrika, Mto Orange husomba mchanga zaidi ya kilomita 2,000 kutoka milima ya Lesotho, na safari yote hiyo haizinyoi sana punje. Hunyolewa zikishaingia kwenye matuta ya jangwa la Namib, huko pwani ya Namibia.

Kwa hiyo tabaka la punje za mviringo linanong'ona "upepo". Linanong'ona tu, maana umbo hurithiwa: jangwa la kale huweza kugeuka mwamba, mwamba ukamomonyoka, punje zikaingia mtoni zikiwa zimeshanyolewa zamani. Ndiyo sababu wataalamu huhesabu punje nyingi chini ya hadubini, wala hawaiamini moja.

Wanaakiolojia nao wana mtego wao. Kigae cha chungu chenye punje za kona kali humshawishi mtu aseme mfinyanzi aliponda jiwe akachanganya na udongo. Huenda. Ila mchanga uliozolewa chini ya mwamba wa itale unaomeng'enyeka una kona zilezile, na hakuna aliyeponda chochote.