Ulezi wa wakili mwanagenzi: maana yake na mipaka yake

Ulezi wa kitaaluma katika uwakili ni kazi ya wakili mzoefu kumfunza anayejiandaa kuapishwa, huku mlezi mwenyewe akibeba dhamana ya kila kinachotoka mikononi mwa mwanafunzi wake. Dhamana hiyo ndiyo inayoutenganisha na ushauri wa kirafiki. Mwanagenzi akiharibu kesi ya mteja, anayeitwa kujieleza ni mlezi.

Nchini Kenya ulezi huu umewekwa kisheria kwa jina la uanagenzi. Anayesomea uwakili hukaa miezi 6 chini ya wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka 5. Muda ukiisha, mlezi huthibitisha kwa saini kuwa mafunzo yamekamilika, kisha mwanagenzi hupeleka ombi kwa Jaji Mkuu ili apokewe kuwa wakili. Mlezi anayethibitisha miezi 6 ya mtu aliyeonekana ofisini wiki chache tu, kwa kumwonea huruma, ameidanganya mahakama. Huruma haibadilishi jina la tendo hilo.

Mwanagenzi si wakili. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili kinataka mtu awe amepokewa, jina lake liwe kwenye orodha ya mawakili, na awe na cheti cha kazi kilicho hai. Kwa hiyo mwanagenzi anaweza kutafiti sheria, kuandaa rasimu, kuandika kumbukumbu za mazungumzo na mteja na kuketi nyuma ya mlezi kesi ikisikilizwa. Hawezi kujitambulisha kama wakili wala kutia saini hati kwa niaba ya mlezi. Mteja naye aambiwe tangu mwanzo kwamba kijana aliyeketi naye mezani bado ni mwanagenzi.

Mambo huharibika zaidi kwenye muhuri. Hati ya kiapo, yaani maelezo ya maandishi ambayo mtu huapa kuwa ni kweli, inahitajika mahakamani kabla ya saa sita; kamishna wa viapo, wakili aliyeruhusiwa kuapisha watu, hayupo, muhuri wake uko kwenye droo. Mwanagenzi anaambiwa, "Gonga tu, twende." Sheria ya Viapo inamtaka kamishna aeleze kwa ukweli mahali na siku kiapo kilipofanyika, na haimruhusu kuapisha katika shauri ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo. Hati iliyogongwa muhuri bila mwapaji kufika mbele ya kamishna inaweza kutupwa, na ombi la mteja likaanguka nayo. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba kijana huyo ameshajifunza kuwa kiapo ni wino tu. Mlezi makini hufungia muhuri wake na kumpeleka mwanagenzi ashuhudie mtu akiapishwa.

Siri ya mteja humfunga mwanagenzi pia. Siku ya kwanza ofisini aulizwe amewahi kufanya kazi wapi na kwenye majalada gani, ili asiguse shauri la mtu ambaye siri zake alizijua akiwa upande wa pili. Asipige picha ya jalada na kuituma kwenye kundi la WhatsApp akiomba msaada, hata akifuta majina, kwa sababu mara nyingi maelezo ya kesi yenyewe humtaja mhusika. Fedha za mteja zisipitie kwenye simu yake hata kwa nusu saa. Mahali pake ni akaunti ya wateja.

Kufunza kwenyewe kunataka muda. Rasimu irudi na masahihisho pamoja na sababu, kwa maana mlezi akiiandika upya kimyakimya, kosa lilelile litarudi wiki ijayo. Mwanagenzi anayeshinda miezi 6 akipeleka bahasha na kununua chai hajalelewa, ametumiwa.

Kwa kuwa saini ya mlezi ndiyo mlango wa kuingia kazini, mwanagenzi huogopa kusema hapana. Anayeitumia hofu hiyo kumtongoza mwanagenzi tena na tena, akijua hatakiwi, anaweza kushtakiwa chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Kwa maagizo mengine yanayotia shaka, mwanagenzi aombe yaandikwe, aweke tarehe na nakala ya kumbukumbu zake bila siri za mteja. Shinikizo likiendelea, aijulishe shule yake mapema na kuomba kuhamishiwa kwa mlezi mwingine kabla miezi haijaisha.