Kinoo cha zamani cha wembe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Vinoo vilivyotoka kwenye masanduku ya vinyozi wa zamani wa Ulaya na Marekani mara nyingi havina karatasi wala maandishi. Utakuta kimoja kimeganda mafuta meusi, kimeliwa katikati mpaka kimebonyea kama mtumbwi, na anayekiuza ameshakipa jina kubwa kwa kukitazama tu. Jina hilo ndilo linalopandisha bei.

Kioshe kwanza. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki mkuukuu. Mafuta yakikataa kutoka, kiache usiku kucha kwenye maji yenye sabuni ya kuondolea grisi. Usikichemshe kamwe: vinoo vingi vya wembe ni vipande viwili vilivyogundishwa, na joto huachanisha gundi ya zamani.

"Cha manjano ni Coticule, cha buluu ni cha Thuringia, cheupe ni cha Arkansas."

Hayo ni majina ya mawe ya asili ya kunolea: Coticule ya Ubelgiji, ya Thuringia huko Ujerumani, na ya Arkansas huko Marekani. Rangi ni shahidi dhaifu. Jiwe la Arkansas huwa jeupe, la kijivu, jeusi, hata la waridi. Vinoo vya Thuringia vilivyouzwa na kampuni ya Escher ya Sonneberg, Ujerumani, vilikuwa na rangi kadhaa, kuanzia kijani chenye unjano hadi buluu iliyokoza, na sleti (mawe ya tabaka nyembamba) za Wales zinaweza kufanana navyo kabisa. Jiwe likilowa hubadilika tena, na mafuta ya miaka mingi hulitia giza lote.

Linalosema zaidi ni tope lake. Weka matone machache ya maji juu ya kinoo safi, sugua kwa kibamba kidogo cha almasi mizunguko kama 20, kisha pakaza tope hilo kwenye sahani nyeupe. Sehemu ya manjano ya Coticule hutoa tope kama maziwa, jeupe lenye rangi ya krimu. Jiwe la buluu la Ubelgiji hutoa tope la zambarau iliyoingia kahawia. Cha Thuringia hutoa tope jepesi la kijivu cheupe hata kama jiwe lenyewe limekoza. Arkansas ngumu haitoi karibu chochote. Fanya kazi hii kwa maji siku zote, kwa sababu vumbi kavu la mawe haya lina silika na huharibu mapafu.

"Chenye tabaka mbili ni Coticule."

Coticule huchimbwa katika milima ya Ardennes, upande wa Vielsalm, Ubelgiji. Mshipa wa manjano ni mwembamba na huvunjika kwa urahisi, ndiyo maana mafundi waligundisha sleti nyeusi chini yake. Vingine viliachwa na jiwe la buluu lililoungana nao kiasili. Tazama ubavuni kwa lenzi ya kukuza mara 10: gundi ni uzi mmoja ulionyooka, wenye upana uleule mwanzo hadi mwisho, muungano wa asili hupanda na kushuka, na rangi mbili huingiliana kidogo.

Lakini vipo pia vinoo vya vinyozi vilivyotengenezwa kiwandani kwa kaborandamu (unga mgumu wa bandia wa kusugulia), vyenye tabaka mbili vilevile. Vinoo hivyo, chini ya lenzi, chembe zake zinalingana mno, vitundu vidogo vimetapakaa kote, na herufi mara nyingi zimekandamizwa ndani ya mwili wenyewe. Jiwe la asili huwa na mistari, madoa, au mkondo unaoelekea upande mmoja.

"Uzito haukuambii kitu."

Hapa ndipo watu wengi hupoteza kipimo bora kuliko vyote, nacho kinahitaji mizani ya jikoni tu. Pima kinoo kikiwa kikavu. Weka bakuli la maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza kinoo kwa uzi mpaka kizame chote. Gramu zitakazosomeka ndizo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Tuseme kikavu kina gramu 412 na majini mizani imesoma 150: 412 gawanya kwa 150 ni 2.75, nayo ndiyo densiti yake (gramu kwa kila sentimita ya ujazo). Yaelekea hiyo ni sleti, iwe ya Thuringia au ya Wales. Coticule hupita 3, kwa sababu imejaa chembe za ganeti, madini mazito na magumu, ambazo zenyewe hupita 4. Arkansas inayopitisha mwanga hukaribia 2.6, Washita, ndugu yake mwenye vitundu, hushuka chini ya hapo.

Makosa hutokea mahali patatu. Kinoo kikigusa chini ya bakuli, mizani husoma sehemu ya uzito wake na hesabu yote inaharibika. Jiwe lenye vitundu hunywa maji, utaona viputo vikipanda na namba ikihama, soma haraka. Na Coticule iliyogundishwa kwenye sleti nene itasoma chini ya 3, basi usiitupe kwa hilo.

"Kinachoteleza kama kioo ndicho chenye chembe laini kuliko vyote."

Kuteleza huenda ni mafuta yaliyokauka, au uso uliosuguliwa na nyembe mpaka ukang'aa. Ili kujua ugumu wake, kwaruza ubavuni, si juu, kwa ncha ya kisu. Sleti hukwaruzika. Arkansas haikwaruziki: kisu ndicho kinachoacha mstari wa kijivu unaometa. Jiwe la namna hiyo humaliza msasa haraka, hivyo lisawazishe kwa unga wa kaborandamu na maji juu ya kioo kinene. Kwa sleti na Coticule, msasa wa maji namba 220, kisha 400, kisha 600 unatosha. Chora miraba ya penseli usoni kwanza. Mistari ikifutika yote, uso umenyooka.

"Kimejaa mafuta, basi ni cha mafuta."

Hiyo ni tabia ya aliyekimiliki. Coticule na vinoo vya Thuringia ni vya maji. Charnley Forest, jiwe la Leicestershire, Uingereza, ngumu, ya kijani yenye alama nyekundu, ndiyo iliyozoea mafuta.

"Hiki ni namba 12000."

Jiwe la asili halina namba ya msasa. Coticule ileile, kwa tope zito kama maziwa, hukata haraka na kuacha makali yasiyo tayari kunyolea uso. Ongeza tone moja la maji, pitisha wembe mara 20 bila kukandamiza, ongeza tone jingine, endelea mpaka yabaki maji matupu, na makali yatabadilika mbele ya macho yako.

Vipimo vyote vikikataa kukupa jina, andika kwenye karatasi densiti, rangi ya tope, na kama kinapendelea maji au mafuta, kisha uiweke ndani ya kisanduku chake. Atakayekinunua kwako atafaidika nayo kuliko jina la kubahatisha.