Gari la safari ndefu: anza na kibandiko cha mlangoni

Watu wengi wanaotafuta gari la safari ndefu huuliza kwanza ukubwa wa injini, kisha wakatazama kimo cha gari. Swali linalopaswa kutangulia ni la uzito: gari hili limeruhusiwa kubeba kilo ngapi, na ninyi mko wangapi?

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo ya mlango, au fungua boneti. Kuna kibandiko au kibati kinachotaja uzito wa juu ambao gari halitakiwi kuuzidi likiwa limejaa. Uzito wa gari tupu utaupata kwenye kitabu cha gari au kadi ya usajili. Toa wa pili kwenye wa kwanza. Chukua gari lenye uzito wa juu wa kilo 1,650 na uzito mtupu wa kilo 1,200: linabaki na nafasi ya kilo 450. Watu wazima watano wa kilo 75 kila mmoja wanakula kilo 375. Zimebaki 75, na masanduku manne ya kilo 20 tayari yamezidi kwa kilo 5, bado hujapakia maji wala jeki ya ziada. Baadhi ya watengenezaji huingiza kilo 75 za dereva katika uzito mtupu, na wengine hawaingizi, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kupiga hesabu.

Gari lililozidiwa mzigo huinama nyuma. Springi zinakaa hadi mwisho, taa za mbele zinaelekea juu na kumpofusha anayekuja, na matairi ya mbele yanashika barabara kwa nguvu ndogo zaidi. Hatari kubwa iko kwenye matairi yenyewe. Tairi lenye mzigo mwingi na upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kule kujikunja ndiko kunakozalisha joto. Mjini linapata nafasi ya kupoa. Kwenye barabara kuu, saa mbili mfululizo kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, joto linaongezeka hadi tabaka za tairi zinaachana. Ndiyo maana matairi mengi hupasuka katikati ya safari.

Jifunze kusoma tairi kabla ya kununua gari. Maandishi 195/65 R15 91V yana maana hii: upana wa milimita 195, urefu wa ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 15. Namba 91 inasema tairi moja linabeba hadi kilo 615, na V ni mwendo wa juu wa kilomita 240 kwa saa. Umri wake umo katika tarakimu nne za mwisho za msimbo wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Tairi linaweza kuwa na kina kizuri cha mistari lakini limezeeka na kupasukapasuka ubavuni. Hilo usisafiri nalo.

Gari la viti saba huwavutia wengi kwa sababu linaonekana kumaliza shida zote. Lakini likishajaa watu saba, buti yake mara nyingi inabaki nyembamba, na mizigo inapelekwa juu ya paa. Paa nalo lina kikomo chake, kwa magari mengi ni kati ya kilo 50 na 100, na kwa kawaida uzito wa keria umo humohumo. Mzigo wa juu hulifanya gari liyumbe kwenye kona na huongeza matumizi ya mafuta. Familia ya watu watano inayosafiri na masanduku itahudumiwa vizuri zaidi na stesheni wagoni (gari lenye buti ndefu iliyoungana na chumba cha abiria) ya chini kuliko gari refu la viti saba. Hilo halipendezi machoni pa wengi, lakini hesabu ndiyo inayosema.

Baada ya uzito, piga hesabu ya masafa. Tangi la lita 45 na matumizi ya lita 7 kwa kilomita 100 vinakupa kama kilomita 640. Acha robo ya tangi kama akiba. Zinabaki kilomita 480 za kutegemea. Kumbuka kuwa upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 100 hadi 120 kwa saa unaongezeka kwa asilimia 44. Gari refu lenye uso bapa hulipia zaidi. Gari la haibridi (lenye injini ya mafuta na mota ya umeme), ambalo mjini huokoa mafuta kwa kurudisha nishati ya breki kwenye betri, huokoa kidogo tu kwenye barabara kuu iliyonyooka, kwani huko breki hukanyagwa mara chache. Dizeli inafaa safari ndefu, kwani chujio la masizi hujisafisha likipata moto kwa muda. Safari fupifupi ndizo zinazoliziba. Kwa gari la umeme, pima masafa ya chaji kati ya asilimia 20 na 80, maana kupita 80 uchajiji hupungua kasi sana.

Injini ya lita 1.0 itakufikisha, ila gari likiwa limejaa huenda ikakosa nguvu ya kupita lori kwenye mwinuko, na hapo ndipo dereva anapokaa upande usio wake kwa muda mrefu mno. Ukilijaribu gari, tazama mizunguko ya injini kwa kilomita 100 kwa saa ikiwa gia ya juu. Ikizidi 3,500 kwa dakika, kelele yake itakuchosha. Kama ni otomatiki, hakikisha ina namna ya kushikilia gia ndogo kwenye mteremko mrefu. Dereva anayeteremka kwa breki peke yake huzichemsha: mafuta ya breki yakishachemka hutoa mapovu, na kikanyagio kinazama bila kushika. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu kiwango kinaweza kushuka hadi karibu 155. Kwa kawaida hubadilishwa kila miaka miwili.

Kiti hakijaribiwi kwa dakika tano. Kaa nusu saa. Mgongo wote uguse kiti, kikanyagio cha breki kikizamishwa goti libaki limekunjwa kidogo, na kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila bega kuachana na kiti. Nyuma, angalia kama kiti cha katikati kina mkanda wa bega. Magari mengi ya zamani yana wa kiunoni tu. Mwenye watoto atafute vishikizo vya ISOFIX, vya kufungia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi ya gari. Nyota za usalama za Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima magari kwa kuyagongesha, nazo zisomwe pamoja na mwaka wake, kwani vipimo vimekuwa vikikazwa: nyota tano za 2010 si sawa na nyota tano za 2020.

Gari lenye kuendesha magurudumu yote manne hukusaidia kuondoka kwenye matope. Halifupishi umbali wa kusimama hata kidogo.

Mwisho funua zulia la buti. Magari mengi ya sasa hayana spea kamili: lipo tairi jembamba la muda, ambalo kwa kawaida haliruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, au chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi hiyo huziba tundu la msumari kwenye sehemu ya tairi inayogusa barabara. Ubavu uliochanika haiuzibi. Kama njia yako ina mawe, ulizia kama shimo la spea linaingia tairi kamili, na ulipime kwa kuliweka humo kabla ya kulipa.