Likizo ya uzazi haili likizo ya mwaka

Kuna ujumbe usiozeeka katika makundi ya WhatsApp nchini Kenya: mama akichukua likizo ya uzazi, likizo yake ya mwaka imekwenda nayo. Si kweli. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa miezi 3 yenye mshahara kamili, na kinasema wazi kwamba hapotezi likizo ya mwaka kwa sababu hiyo. Hii ya mwaka, iliyo katika kifungu cha 28, ni siku za kazi zisizopungua 21 kwa kila miezi 12 ya utumishi.

Mkanganyiko huu una mzizi, wala si ujinga wa mtu. Sheria ya zamani ilitoa miezi 2 tu, na aliyeichukua alipoteza kweli likizo ya mwaka huo. Sheria ikabadilika, ujumbe ukabaki. (Na baadhi ya maafisa wa rasilimali watu, tuseme ukweli, bado wanahesabu kwa kalenda ile.)

Sheria yenyewe inasomwa bure mtandaoni. Tafuta kifungu cha 29, kifungu kidogo cha 7. Ujumbe ukikufikia tena, usiusambaze. Mrudishie aliyekutumia mstari huo.