Dhana potofu za madereva kuhusu kuegesha gari, Moshi mjini na mlimani

Madereva wengi huhesabu kuegesha gari kuwa ndio mwisho wa safari, na kwa sababu hiyo hufanya jambo hili kwa haraka, mkono mmoja ukiwa tayari unatafuta simu au kufungua mlango. Lakini gari lililosimama bado lina uzito wake na bado limechukua nafasi ya watu wengine barabarani, na dereva anaendelea kuwajibika kwalo hata akiwa ametokomea ndani ya soko la Mbuyuni. Moshi ni mahali pazuri pa kuliona hilo. Dereva huyohuyo anayetafuta nafasi mjini asubuhi, katikati ya bodaboda na wakusanya ushuru, mchana anaweza kuwa Kibosho, Uru au Marangu, kwenye barabara nyembamba zenye miteremko mikali, zilizopakana na migomba upande mmoja na mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, upande wa pili. Makosa ya mjini na ya mlimani hayafanani, ila imani zinazoyazaa ni zilezile.

Dhana: Gari la otomatiki likishawekwa kwenye P haliendi popote

Naanza na hii kwa sababu ndiyo yenye hatari kubwa kwa watu wa mlimani. Kuweka P, yaani gia ya kuegeshea, si kufunga breki. Kinachotokea ni kwamba kipande kidogo cha chuma ndani ya giaboksi huingia katikati ya meno ya gurudumu na kulizuia lisizunguke. Mahali palipo sawa kipande hicho hakina kazi kubwa, lakini kwenye mteremko uzito wote wa gari, pamoja na abiria na magunia ya ndizi, hukiegemea chenyewe. Dereva anaweza kuitambua hali hiyo bila fundi: anaporudi na kutaka kutoa gia kwenye P, kijiti huwa kigumu isivyo kawaida, kisha huachia kwa kishindo ambacho hata aliyesimama nje hukisikia. Kishindo hicho ni dalili kwamba gari lilikuwa limening'inia kwenye chuma kile muda wote.

Tena P huzuia yale magurudumu yanayosukuma gari tu. Kwa magari yenye kijiti cha pili cha kuchagua mwendo wa magurudumu manne, kama yalivyo mengi ya yale yanayobeba watalii, kijiti hicho kikiachwa katikati, muunganiko kati ya giaboksi na magurudumu huwa umekatika, na hapo si P wala gia yoyote itakayolishika gari.

Utaratibu ulio salama hauchukui hata nusu dakika. Kanyaga breki ya mguu, weka N (gia huru), vuta breki ya mkono hadi mwisho, kisha achia breki ya mguu taratibu ili uzito ulale kwenye breki ya mkono. Gari likijisogeza kidogo na kutulia, kanyaga breki tena, ndipo uweke P na kuzima injini. Kwa gari la gia za mkono, baada ya breki kushika, acha gia ya kwanza ikiwa gari limetazama juu, na rivasi ikiwa limetazama chini.

Dhana: Breki ya mkono ikishavutwa, matairi yanaweza kutazama kokote

Breki ya mkono katika magari mengi tunayotumia huvutwa kwa waya, na waya hulegea. Jambo lisilojulikana sana ni athari ya joto. Gari lililoteremka kutoka Marangu hadi Himo kwa kukanyaga breki mara kwa mara hufika likiwa na breki za moto, na chuma chenye moto huwa kimetanuka. Dereva akivuta breki ya mkono wakati huo kwa nguvu kidogo, hasa katika gari lenye breki za diski nyuma, chuma kinapopoa hunywea, mshiko hupungua, na gari lililotulia kwa muda linaweza kuanza kutembea likiwa halina mtu ndani. Ndiyo maana breki hiyo huvutwa kwa nguvu kamili, na matairi ya mbele hupewa kazi ya kuwa kinga ya pili.

Kwa kuwa Tanzania tunaendesha upande wa kushoto, hesabu yake ni hii. Gari likitazama chini, kata usukani kushoto ili tairi la mbele liegemee ukingo wa barabara. Likitazama juu na pana ukingo imara, kata kulia, ili gari likirudi nyuma tairi likwamie kwenye ukingo huo. Pasipokuwa na ukingo, na barabara nyingi za vijijini mlimani hazina, matairi hukatwa kushoto kwa hali zote mbili, ili gari likiachia liiache barabara badala ya kuikata katikati. Wapo watakaosema kwamba kushoto kuna mfongo. Ni kweli, na gari litaumia. Lakini gari lililolala kwenye mfongo hutolewa kwa kamba na vijana wa kijiji, tofauti na gari lililoshuka peke yake kuelekea kwa watoto wanaotoka shule.

Jiwe nyuma ya tairi ni msaada mzuri, na mwezi wa Desemba, watu wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, ubatizo na harusi, utayaona mawe hayo kila penye mteremko na maturubai. Ubaya wake huanza wakati wa kuondoka. Dereva huwasha gari na kwenda zake, jiwe likabaki barabarani, na usiku mwendesha bodaboda hukutana nalo akiwa na taa hafifu. Aliyeliweka jiwe ndiye anayepaswa kuliondoa.

Dhana: Kamera na vitambuzi vinatosha kurudi nyuma

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia kutoka Japani huja na kamera ya nyuma, na mengine na vitambuzi vinavyolia gari likikaribia kitu. Vitambuzi hivyo hufanya kazi kwa kurusha mawimbi ya sauti na kusikiliza mwangwi wake, hivyo vinahitaji kitu cha kuyarudisha. Mtaro haurudishi mwangwi wowote, kwa sababu ni uwazi. Nondo nyembamba iliyochomoza, waya wa uzio au jiwe fupi pia huweza kupita bila kusikika. Kamera nayo wakati wa masika hufunikwa na tope la kwanza tu, na hata ikiwa safi haionyeshi kina cha mtaro uliojaa maji ya mvua.

Mifereji ya mawe isiyofunikwa ni sehemu ya kawaida ya mitaa ya Moshi, kama ilivyo Arusha, na gurudumu moja likishaingia humo gari hukaa kwa tumbo. Usipopajua mahali, shuka uangalie kwanza kwa macho yako, au mwombe mtu akuelekeze akiwa amesimama pale unapomwona kwenye kioo. Anayeelekeza akiwa nyuma kabisa ya gari anajihatarisha mwenyewe.

Hapohapo kuna mazoea ya kuingiza gari kwa mbele kwa sababu ni haraka. Muda huo uliookolewa hulipwa wakati wa kutoka, dereva anapolazimika kurudi kinyumenyume kwenye barabara yenye bodaboda, bajaji na mikokoteni asiyoiona. Ni afadhali kurudi nyuma wakati wa kuingia, kwa kuwa nafasi umekwisha kuikagua ulipoipita, kisha ukatoka ukitazama mbele.

Dhana: Ni dakika mbili tu, na hazadi zinawaka

"Dada, natoka sasa hivi" haibadilishi chochote. Taa za hazadi hazigeuzi kona, kivuko cha waenda kwa miguu au lango la hospitali kuwa maegesho, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimsamehe dereva anayesababisha hatari au kizuizi kwa sababu alikuwa na haraka. Gari lililosimama karibu na pundamilia humficha mtoto anayetaka kuvuka hadi anapokuwa tayari katikati ya njia. Kwa gari lililoharibika, taa hizo zinafaa, lakini ziende pamoja na pembetatu za kuakisi mwanga. Matawi ya mti tuliyozoea kuyatupa barabarani hueleweka mchana. Usiku hayaakisi chochote.

Dhana: Hali ya hewa ni nzuri, mtoto anaweza kusubiri ndani ya gari

Majaribio yaliyofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba hata siku yenye nyuzi joto takribani 22 tu nje, joto ndani ya gari lililofungwa juani linaweza kuongezeka kwa kiasi cha nyuzi 22 nyingine ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukuleta tofauti ya maana. Nyuzi 22 ni siku ya kawaida kabisa Arusha, na Moshi mwezi wa Februari hupita nyuzi 30. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima, kwa hiyo mtoto ashuke na mzazi, hata kama foleni ya dirishani ni fupi. Kivuli nacho huhama, na gari lililokuwa chini ya mti saa tano linaweza kuwa juani kabla ya saa saba.

Dhana: Sikuachiwa karatasi, kwa hiyo sidaiwi ushuru

Tangu TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ilipoanza mwaka 2021 kukusanya ushuru wa maegesho kwa mfumo wa kielektroniki, kinachosajiliwa ni namba ya gari. Mhudumu huiingiza kwenye kifaa chake, dereva awepo asiwepo, na deni hubaki kwenye namba hiyo likisubiri kulipwa kwa simu kupitia namba ya malipo. Dereva aliyeondoka kimyakimya hakulikimbia deni, na akichelewa huongezewa faini.

Wengine hulipa wakiamini kwamba sasa gari linalindwa. Ushuru ni malipo ya kutumia nafasi, na anayeukusanya si mlinzi wa vioo vya pembeni wala wa mkoba ulioachwa kwenye kiti. Bima ndogo, yaani ile ya mtu wa tatu, nayo haifidii wizi wa gari lako mwenyewe. Ukibonyeza rimoti, vuta kitasa cha mlango uhakikishe umefunga kweli, kisha uondoke. Na kwa anayenunua gari kutoka kwa mtu, ni busara kuiangalia namba yake kwenye mfumo wa ushuru kabla ya kukabidhi fedha, kwa sababu madeni ya maegesho ya mwenye gari wa kwanza yanaweza kukutwa yamesimama palepale.